Miguu haitoshi, cheti kitaulizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nitoe dukuduku ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu. Naamini linawahusu wazazi, walimu, viongozi wa riadha, na zaidi ya wote vijana wetu wanaoamka alfajiri kukimbia. Nataka kusema juu ya nafasi ya masomo katika kuwachagua vijana wanaokwenda kukimbia na kucheza katika vyuo vikuu vya Marekani.

Tangu Ndugu Alphonce Simbu aliponyakua medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini Tokyo, mwezi Septemba 2025, barabara za kwetu huku Manyara zimejaa vijana. Kabla jua halijatoka utawaona makundi kwa makundi, wengine wana viatu vya mbio, wengine wana raba zilizochanika, wengine peku. Nawapongeza kwa moyo wote. Lakini nikiwasimamisha na kuwauliza wanakwenda wapi, wengi hunijibu, "Mwalimu, tunatafuta chuo cha Marekani kituchukue." Nikiwauliza habari za masomo hucheka. Wao wanadhani kwamba huko ng'ambo kinachotakiwa ni miguu tu, na kwamba vitabu ni kazi ya wasiojua kukimbia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari, na kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa mwalimu wa michezo. Kwa hiyo ninapoandika juu ya jambo hili siandiki kama mtazamaji. Nina kosa langu, na nikilificha barua hii haitakuwa na maana yoyote.

Kosa langu

Miaka michache kabla sijastaafu alikuja shuleni kwetu binti mmoja ambaye sitamtaja jina. Alipofika kidato cha tatu hapakuwa na msichana katika mkoa aliyeweza kumkaribia katika mita 3,000. Alituletea kikombe, tukakiweka ofisini kwa mkuu wa shule mahali ambapo kila mgeni angekiona. Kuanzia siku hiyo binti yule akawa mali ya shule. Vipindi vya hisabati na kemia vilikuwa mchana, na mazoezi yalianza saa nane. Kila juma aliandikiwa ruhusa ya kutokuwepo darasani, na aliyetia saini ruhusa zile ni mimi.

Mwalimu wa hisabati alinifuata mara mbili. Mara ya pili aliniambia, "Mwalimu mwenzangu, huyu mtoto hajui hata kujumlisha sehemu. Mtihani wa taifa utamuumbua." Mimi nikamjibu kwa mzaha kwamba hesabu za binti yule ziko kwenye saa ya kupimia muda, haziko ubaoni. Walimu waliokuwapo walicheka, nami nikaona nimesema neno la maana.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka alipata Divisheni ya Nne. Hisabati F, kemia F, Kiingereza D. Hatukusikitika sana, kwa kuwa tuliamini njia yake ni nyingine. Na kweli miezi michache baadaye akaja ndugu mmoja Mtanzania, aliyepata kusoma Marekani, akiwatafutia vijana kocha wa chuo kimoja cha huko. Alimkimbiza binti yule mara tatu kwa siku mbili. Kila akitazama saa yake alitikisa kichwa kwa furaha. Mwisho akasema, "Sasa nionyesheni cheti."

Aliisoma ile karatasi ya matokeo akiwa amesimama uwanjani. Akaikunja vizuri, akamrudishia binti kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mwalimu, kocha atamtaka sana, lakini kwa cheti hiki hawezi kumchukua." Nikajaribu kubisha. Nikamwambia ameona mwenyewe jinsi anavyokimbia. Akajibu kwa upole kwamba kocha hana uwezo wa kubadili kanuni.

Ndipo binti yule akanigeukia na kuniuliza, "Mwalimu, kwani hukujua?"

Ndugu Mhariri, sikujua. Na kutojua kwangu hakukuwa udhuru, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu.

Kanuni yenyewe

Tangu siku hiyo nimejitahidi kusoma habari za jambo hili, na napenda niwagawie wenzangu niliyoyapata.

Michezo ya vyuo vya Marekani kwa sehemu kubwa husimamiwa na chama kiitwacho NCAA, ambacho asili yake ni mwaka 1906. Kijana anayetaka kushindania chuo cha daraja la kwanza katika chama hicho hupimwa kwa masomo 16 ya msingi ya sekondari, ambapo somo moja la mwaka mzima huhesabiwa moja. Katika hayo 16, Kiingereza ni manne, hisabati ni matatu, sayansi ni mawili, na mengine ni ya masomo ya jamii kama historia na jiografia, pamoja na masomo mengine ya darasani yanayokubaliwa. Wastani wake usipungue 2.3 katika kipimo ambacho A ni 4 na C ni 2. Mbio, mpira au kuimba kwaya havimo katika hesabu hiyo. Kwa sisi tunaotoka nje, matokeo ya mtihani wetu wa taifa hupelekwa katika ofisi yao ya uhakiki, nayo huamua kama yanatosha. Tena huangalia mwaka ambao mwanafunzi alipaswa kumaliza sekondari, hivyo anayekaa miaka mingi akisubiri anaweza kujipunguzia haki yake ya kushindana. Baada ya hapo chuo chenyewe nacho kina masharti yake ya kumpokea mwanafunzi.

Wapo watakaosema hii ni mizengwe ya wazungu ya kuwazuia maskini. Nami nilidhani hivyo. Lakini kanuni hiyo ina historia, na historia yake ni ya vijana walioumia.

Mwaka 1965 chama hicho kiliweka kiwango cha masomo kwa wanamichezo wanaopewa ufadhili. Mwaka 1973 kiwango hicho kikafutwa, ikabaki kwamba mtu awe na wastani wa C tu wa sekondari, hata kama aliupata kwa masomo ya aina gani. Mwaka huo huo ufadhili uliokuwa wa miaka minne ukafanywa wa mwaka mmoja mmoja, ukihuishwa au kukatwa. Yaani mlango wa kuingilia ulipanuliwa, na mlango wa kufukuzia nao ukapanuliwa.

Matunda yake yalionekana kwa Ndugu Kevin Ross, kijana Mwamerika mweusi mwenye kimo kirefu, aliyechukuliwa mwaka 1978 na Chuo Kikuu cha Creighton, katika jimbo la Nebraska, ili acheze mpira wa kikapu. Katika mtihani wa kuingilia chuo alipata 9, wakati wastani wa wenzake waliochukuliwa mwaka ule ulizidi 23. Alikaa miaka minne. Alikusanya vipimo 96 vya masomo kati ya 128 vilivyohitajika kupata shahada, na baadhi yake vilikuwa vya masomo kama kulenga shabaha na nadharia ya mpira wa kikapu. Alipoondoka mwaka 1982 hakuwa na shahada, na uwezo wake wa lugha ulilingana na wa mtoto wa darasa la nne. Akaenda Chicago akaketi katika shule ya watoto wadogo, mtu mzima mrefu kiasi kile, ili afundishwe kusoma. Baadaye akakishtaki chuo. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ilikataa kupima ubora wa mafundisho ya chuo, lakini ilikubali kwamba kama chuo kilimwahidi nafasi ya kusoma kisha kikamnyima, analo shauri la kuvunjiwa mapatano.

Nimelisoma shauri hilo mara nyingi. Kila nikilisoma namwona binti wa shule yetu. Tofauti ni kwamba yeye alikwamia mlangoni, na Ross aliingizwa ndani akaachwa gizani. Sijui ni yupi aliyedhulumiwa zaidi.

Mwalimu aliyekataa

Kuna mwingine ambaye nisipomtaja nitakuwa nimejipendelea, maana huyu alikuwa mwalimu kama mimi ila yeye alikuwa na ujasiri nilioukosa. Jina lake ni Bibi Jan Kemp, aliyekuwa akifundisha Kiingereza cha msingi katika Chuo Kikuu cha Georgia kwa wanafunzi walioingia wakiwa na upungufu. Wachezaji tisa wa mpira wa Kimarekani walishindwa somo hilo, lakini wakapitishwa kwa amri ya wakubwa ili waweze kucheza mchezo mkubwa wa mwanzoni mwa mwaka 1982. Bibi Kemp akalalamika. Akashushwa cheo, na mwaka 1983 akafukuzwa kazi.

Alikwenda mahakamani. Wakati wa kesi wakili wa upande wa chuo alijitetea kwa kusema kwamba huenda mchezaji wa namna hiyo asigeuke kuwa msomi, lakini akifundishwa kusoma na kuandika anaweza kupata kazi posta badala ya kuzoa taka. Ndugu wasomaji, huyo ndiye aliyekuwa akikitetea chuo! Mwaka 1986 baraza la wazee wa mahakama lilimpa Bibi Kemp ushindi na fidia ya zaidi ya dola milioni mbili, ambayo baadaye ilipunguzwa, na akarudishwa kazini. Mkuu wa chuo alijiuzulu mwaka huo huo.

Mwaka huo huo wa 1986 kanuni mpya ilianza kutumika: masomo ya msingi 11, wastani wa C katika hayo, na alama zisizopungua 700 katika mtihani uitwao SAT. Idadi ya masomo ikaongezwa hatua kwa hatua hadi kufikia 16 mwaka 2008.

Lakini nisiwape wenzangu picha ya upande mmoja. Kanuni hizo nazo zilipingwa, na waliozipinga hawakuwa wajinga. Mwaka 1989 chama kilipopitisha kanuni ya kuwanyima kabisa ufadhili wale ambao hawakufikia kiwango, kocha John Thompson wa Chuo Kikuu cha Georgetown aliondoka uwanjani mbele ya watazamaji mchezo ulipokuwa unataka kuanza. Alisema kwa kitendo kile kwamba mtihani ule unawaonea watoto weusi waliosoma katika shule duni. Kanuni ililegezwa. Na mwaka 2023 alama za mtihani ule ziliondolewa kabisa katika masharti, yakabaki masomo ya darasani.

Upande wa pili alisimama Arthur Ashe, bingwa wa tenisi aliyeshinda Wimbledon mwaka 1975, naye mweusi. Mwezi Februari 1977 aliandika barua ya wazi kwa wazazi weusi katika gazeti la New York Times, akiwasihi wawapeleke watoto wao maktaba kama wanavyowapeleka viwanjani, kwa sababu wanaofika kileleni katika michezo ni wachache mno. Baadaye aliunga mkono viwango vikali, akisema kwamba vijana weusi wakitakiwa zaidi watatoa zaidi.

Mimi nikiwapima wote wawili naona kila mmoja alishika ukweli wake. Thompson aliona dhuluma ya mtihani. Ashe aliona dhuluma ya kutodaiwa kitu. Binti wa shule yetu alipatwa na hii ya pili. Hakuna aliyemdai hesabu. Tulimpenda sana hata tukamwacha bila chochote.

Ujira

Mtu anaweza kuuliza: kama chuo kinamtaka mkimbiaji kwa ajili ya mbio, masomo yanawahusu nini? Jibu langu ni kwamba masomo ndiyo ujira. Kijana anatoa miguu, mapafu na miaka yake minne iliyo bora. Chuo kinapata sifa, vikombe, na katika michezo mingine mamilioni ya dola. Anachorudishiwa kijana ni elimu. Basi chuo kinachompitisha kijana asiyejua kusoma, na shule inayompa kijana ruhusa ya kukosa hisabati, vyote viwili vinafanya kazi moja ya kumkata mshahara kabla hajaupokea.

Na tusidhani mambo hayo yalikwisha zamani. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa karibu miaka 18, kuanzia 1993 hadi 2011, yalikuwapo masomo ya karatasi tu. Hapakuwa na mwalimu wala darasa. Mwanafunzi aliandika insha moja, na kwa miaka mingi aliyetoa alama nzuri alikuwa karani wa ofisi. Wanafunzi zaidi ya 3,100 walipitia humo, karibu nusu yao wanamichezo. Hicho ni chuo chenye jina kubwa. Kwa hiyo hata kijana wetu akipita mlangoni, hapana budi aulize anakwenda kusoma nini.

Wengine wataniambia kwamba siku hizi wanamichezo wa vyuo wanalipwa fedha taslimu. Ni kweli. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, na baada ya mapatano ya mahakama ya Juni 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwenye mpira wa Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume. Mkimbiaji wa mbio ndefu huambulia kidogo au hapati kabisa. Na anayetoka nje kwa viza ya mwanafunzi anabanwa na sheria za uhamiaji kuhusu kazi na malipo. Kwa kijana wa Mbulu au Singida, elimu bado ndiyo malipo makubwa atakayoyapata huko.

Waliotutangulia

Mifano hatuna haja ya kuiazima mbali. Mzee wetu Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Alishinda mashindano ya vyuo vya Marekani mara nyingi, na aliporudi aliitumikia riadha yetu kama kocha na kiongozi. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, naye alipita chuo hicho hicho.

Jirani zetu wa Kenya wana somo jingine. Mike Boit alipata medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972. Alisoma Marekani hadi akapata shahada ya udaktari, akarudi kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 tu mwaka 1978, jambo ambalo bado linashangaza. Lakini mbio zilipomwacha alihangaika miaka mingi na pombe na kukosa makazi, kama alivyosimulia mwenyewe, kabla hajainuka tena. Alifariki mwaka 2024. Simlaumu marehemu. Nasema tu kwamba rekodi haimtunzi mtu akiisha kuvua viatu.

Mwaka 2004 Profesa Boit na mwandishi wa Kimarekani John Manners walianzisha mpango wa kuwapeleka vijana wa Kenya katika vyuo vikuu bora vya Marekani, vikiwamo Harvard na Yale. Vyuo hivyo viwili havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Humpokea mwanafunzi kwa masomo, na humsaidia kwa kutazama hali ya kipato cha wazazi wake. Walianza kwa kuwachukua vijana wenye alama za juu kabisa za kidato cha nne, kisha wakawakimbiza mita 1,500 ili makocha wavutiwe. Baada ya miaka kadhaa, mbio ziliacha kuwa sharti. Vyuo viliwachukua hata wasio wakimbiaji, kwa alama zao. Hapo ndipo nilipojua uzito wa kila kitu: alama bila miguu zilifika, lakini miguu ya binti yetu bila alama haikuvuka hata uwanja wa ndege.

Najua kuna watakaonikumbusha kwamba Filbert Bayi hakuhitaji chuo cha Marekani alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, na kwamba Simbu ni askari wa jeshi letu. Ni kweli tupu. Njia ni nyingi, na si lazima kila mkimbiaji aende ng'ambo. Lakini tazameni Mzee Bayi alifanya nini baada ya mbio. Alijenga shule.

Maoni yangu

Kwa hayo yote, Ndugu Mhariri, natoa maoni yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, kwa walimu wenzangu. Mazoezi yawe asubuhi kabla ya masomo au jioni baada yake, na mwalimu wa michezo asiwe na mamlaka ya kumtoa mwanafunzi katika kipindi bila mwalimu wa somo kukubali. Kikombe kilichoko ofisini ni cha shule. Cheti ni cha mtoto, naye ndiye atakayebaki nacho sisi tukiisha kustaafu.

Pili, kwa viongozi wa riadha na wa michezo ya UMISSETA. Kila mwaka mnakusanya mahali pamoja vijana wetu walio bora. Wekeni hapo meza moja tu, akae mtu anayezijua kanuni hizi, awaeleze vijana wa kidato cha kwanza na cha pili masomo gani yataulizwa. Kumweleza wa kidato cha nne ni kumchelewesha. Jambo hili halihitaji fedha za kigeni.

Tatu, kwa wazazi. Akija mtu kumtaka mtoto wenu, msimtazame viatu na gari. Mwulizeni: ufadhili ni wa miaka mingapi? Mtoto akivunjika mguu utaendelea? Atasoma fani gani? Katika wakimbiaji waliopita kwa kocha huyo, wangapi walipata shahada? Na kama anadai malipo ili kumtafutia mtoto nafasi, mwulizeni ni ya nini, na atoe stakabadhi. Mtu mkweli hatakasirika kwa maswali hayo. Yule ndugu aliyekuja kwetu alijibu yote bila kutoza hata senti, na ndiyo maana namheshimu mpaka leo ingawa aliondoka bila binti yetu.

Nne, kwa vijana wenyewe. Msidhani nawakataza mbio. Kimbieni. Lakini mkirudi, kabla hamjalala, fungueni daftari la hisabati. Kocha wa ng'ambo atakapoweka saa mfukoni, swali lake la pili mmekwisha kulijua.

Binti yule sasa ni mtu mzima. Anauza mboga sokoni na bado anakimbia katika mashindano ya mikoa, ambako hupata zawadi ndogo ndogo. Mwaka juzi alikuja nyumbani kwangu. Nilidhani amekuja kunilaumu, nami nilikuwa tayari. Kumbe alikuja na kitabu cha hisabati cha kidato cha kwanza, akaniomba nimtafutie mwalimu, kwa kuwa anataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilimtafuta yule mwalimu wa hisabati niliyemfanyia mzaha. Alikubali, wala hakunikumbusha maneno yangu.

Sasa kila Jumamosi jioni wanakaa barazani kwangu, yeye na vijana wanne wengine wa mbio. Mimi hesabu sijui vizuri, kwa hiyo kazi yangu ni kuchemsha chai na kuhakikisha hakuna anayeondoka kabla ya kumaliza maswali yake. Marekani haitamsubiri, naye analijua hilo. Anasema anataka kusomea ualimu wa michezo. Akiupata, natumaini hatatia saini karatasi kama zile nilizotia mimi.

Mwalimu Mstaafu,
Babati.